Taiwo Amekula?

Kwa wachuuzi wa vinyago wa Ogbomoso, kinyago cha pacha, kile kinachochongwa kushika nafasi ya pacha aliyekufa, kilikuwa na hali mbili tu: kimekula, au kina njaa. Kilichokula ni kile ambacho uso wake umelainika kwa miaka mingi ya kuoshwa na kulishwa, pua imebaki kialama tu, macho yamefifia kama maandishi ya sarafu iliyopita mikono mingi. Chenye njaa ni kipya: pua kali, chale za mashavuni bado zinakwaruza kidole. Kilichokula kilikuwa na bei. Chenye njaa kilirudishwa kwa mwenyewe, au, kwa wachuuzi wasio na haya, kilisuguliwa kwa mchanga na kutundikwa juu ya moshi wa jikoni mpaka nacho kionekane kimeshiba.

Kehinde Oyekanmi alifanya biashara hiyo miaka ishirini na tisa, na wenzake, ambao hawakuwa wepesi wa kusifiana, walikubali kwamba hakuna aliyemzidi. Wao walivitazama vinyago juani, wakavinusa, wakavilamba. Yeye alifumba macho, akapitisha kidole gumba usoni, akasema. Kidole chenyewe kilikuwa cha mkono wa kushoto, na hilo liliwafanya akina mama wa vijijini wakunje uso, maana mkono huo haumpi mtu kitu wala haupokei.

"Baba Vinyago, huo mkono vipi?"

"Huu haununui, Mama. Huu unasalimia tu. Wa kununua ni huu mwingine."

Walicheka, wakamletea maji ya kunywa. Jibu lile lilikuwa la kuchekesha, lakini halikuwa mzaha. Kehinde alikuwa akitafuta uso mmoja, na uso huo ungetambuliwa na kidole kile peke yake.

Alizaliwa mwaka 1942, dakika chache baada ya Taiwo. Kila mtoto wa Ogbomoso anajua maana yake: Taiwo anatoka kwanza lakini ndiye mdogo; Kehinde ndiye mkubwa, anayebaki nyuma na kumtuma mwenzake atangulie kuionja dunia, kisha alie, ili mkubwa ajue kama inafaa kutoka. Taiwo huyu aliionja kwa miezi saba. Homa ilimchukua kabla hajajua kukaa.

Mama yao, Abeje, alikwenda kwa fundi na kuku wawili. Alirudi na Taiwo wa mti, asiyefika urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, nywele zimesukwa juu na kupakwa nili, chale tatu za ukoo kila shavu. Tangu siku hiyo watu wa mtaani walimwona akienda sokoni na watoto wawili kama zamani: mmoja mgongoni, mwingine kifuani, amechomekwa kwenye upindo wa kitenge, kichwa nje. Kehinde aliponunuliwa kofia, Taiwo alishonewa yake. Kehinde alipooga, Taiwo aliogeshwa, akapakwa unga mwekundu wa osun na mafuta. Kunde zilipopikwa kwa mawese, za kwanza ziligusishwa midomo yake.

Abeje alikuwa wa kushoto. Mbele za watu alijilazimisha: alipokea kwa kulia, alipunga kwa kulia, alipakua kwa kulia na mara nyingi alimwaga. Lakini chumbani, mlango ukiwa umerudishwa, alimshika Taiwo kwa mkono wa kulia na kumwosha uso kwa wa kushoto, gumba likipita shavuni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kwa hiyo Taiwo alianza kuisha upande mmoja. Kehinde alipofika umri wa kwenda shule, chale za shavu la kulia la ndugu yake zilikuwa zimekwisha kabisa na pameingia kibonde kidogo. Za shavu la kushoto zilikuwa bado kama siku zilipochongwa.

Kehinde naye alikuwa wa kushoto. Mwalimu wa darasa la kwanza alimtibu kwa rula. Aliporudi nyumbani vidole vimevimba, mama yake alivipaka mafuta, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya nyumba, "Humu chumbani utumie unaoutaka."

Kuna kisa kimoja cha utotoni ambacho Kehinde alikisimulia mpaka uzeeni. Alikuwa na miaka minne, ule msimu wa upepo mkavu ambapo asubuhi midomo hupasuka kwa baridi. Alimchukua Taiwo kutoka kwenye kikapu chake akamsogeza motoni apate joto. Alimsogeza mno. Kisigino cha kushoto kilishika moto kikawa mkaa, na harufu yake ikamtoa mama jikoni mbio. Hakumpiga. Alikipuliza kisigino, akakipaka mafuta ya mawese, kisha akampa Kehinde kazi ya kumbeba ndugu yake mgongoni wiki nzima, kwa kuwa, alisema, aliyeungua mguu hatembei.

Biashara ya vinyago ilimkuta akiwa na miaka ishirini, na baiskeli. Siku hizo ilikuwa rahisi kuliko kuokota korosho. Nyumba nyingi zilikuwa zimeingia kanisani au msikitini, na watoto wa mti walikuwa wamepandishwa darini, na huko hakuna aliyewaosha. Mama aliyewazaa ameshakufa. Wajukuu wanaona aibu. Kehinde alipanda baiskeli hadi vijiji vya upande wa Igbeti, akipita mashamba ya viazi vikuu, akilala kwa watu ambao kesho yake walimfungia eko, uji mzito wa mahindi ulioganda, kwenye jani ili asile barabarani kama mtu asiye na kwao. Uzeeni, alichokikumbuka zaidi hakikuwa vinyago. Kilikuwa sauti za wanawake wakimwita kutoka ng'ambo ya shamba: "Wewe wa baiskeli! Umekuja kununua watoto tena? Njoo ule kwanza!"

Alijiwekea sharti moja tu: hakununua kutoka kwa mama aliye hai. Hakuliona kuwa wema. Aliona ni adabu ya kawaida, kama kuvua viatu.

Ilikuwa Machi 1964. Alirudi na vinyago kumi na kimoja, mzigo wake mkubwa kuliko yote hadi siku hiyo. Mnunuzi wake wa Ibadan, Mallam Sanda, mfanyabiashara wa Kihausa wa mtaa wa Sabo, hakupenda vinyago vinavyonuka chakula cha zamani. Kwa hiyo Kehinde aliviosha vyote kwa sabuni, akavilaza juu ya mkeka uani vikauke, akatoka kwenda kuziba tairi.

Abeje alirudi kutoka sokoni akakuta uani kwake watoto kumi na mmoja wamelazwa juani, wameoga, hawajala.

Alifanya kile ambacho mama yeyote wa mapacha angefanya. Aliinjika kunde. Zilipoiva aliwapitia mmoja mmoja, akawagusisha midomo, akiwaimbia kwa majina ya jumla kwa kuwa ya kwao hakuyajua. Kisha aliingia chumbani akamtoa Taiwo, akamlaza katikati yao. Taiwo alikuwa amecheza peke yake miaka mingi. Leo nyumba ilikuwa na wenzake. Abeje akajifunga kitenge, akaenda kumwita jirani aje kuona wageni.

Mvua ya kwanza ya mwaka ilitangulia kuja. Kehinde aliiona ikishuka kutoka upande wa msitu, akakimbia na tairi begani. Alikuta vinyago vyake vina mawese midomoni, akakasirika, akavifuta kwa shati, akavisukumiza kwenye gunia, akafunga. Lori la Ibadan lilikuwa linapiga honi kituoni. Hakumsubiri mama yake.

Sabo, Mallam Sanda alivipanga juu ya zulia.

"Kumi na viwili," alisema.

"Kumi na kimoja, Mallam."

"Mimi nahesabu kwa vidole vyangu. Wewe unahesabu kwa vya nani? Kumi na viwili."

Kehinde alidhani alikosea kuhesabu huko vijijini. Alifurahi. Kwa maisha yake yote yaliyobaki, hicho ndicho alichoshindwa kujisamehe: si kwamba alimuuza ndugu yake, bali kwamba alipoambiwa kuna mmoja zaidi, alifurahi na hakuinama kutazama.

Alifika nyumbani siku ya tatu. Abeje alikuwa akichambua mboga.

"Wale watoto umewafikisha?"

"Nimevifikisha, Mama."

"Wote kumi na wawili?"

Kehinde alikaa chini, palepale kwenye udongo. Mama yake hakuinua macho kutoka kwenye mboga. Alikuwa ameshalia siku mbili kabla, na majirani walimsikia; sasa alikuwa na swali moja tu la mzazi.

"Na kofia hukumvalisha," alisema. "Ibadan kuna upepo."

Kehinde alirudi Ibadan kwa lori la asubuhi. Mallam Sanda alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. Mzigo wote ulichukuliwa jioni ileile, alisema, na mtu wa Lagos, na mtu wa Lagos ana meli. "Kijana," alisema, "ungeniambia ni ndugu yako, nisingemweka pamoja na vitu." Akamtolea fedha aliyolipwa na mtu wa Lagos kwa yule wa kumi na mbili. Kehinde aliiacha juu ya zulia.

Watu walimshauri Abeje achongewe mwingine. Alikataa. "Huyo atakuwa mtoto wa fundi," alisema. "Taiwo hajafa mara ya pili. Amesafiri." Akaendelea kumtengea. Kila siku ya kunde, kibakuli kidogo kilitangulia kupakuliwa, kikawekwa kando, na jioni, chakula kikiisha kupoa, kikapewa mtoto yeyote aliyepita.

Kehinde angeweza kuiacha biashara. Badala yake aliikamata kwa mikono miwili, kwa hoja ya mtu aliyekwisha kuwa mchuuzi: kitu kilichopotelea sokoni kitapatikana sokoni. Baiskeli ikawa pikipiki, pikipiki ikawa gari kuukuu aina ya Pijo. Alifika Lagos, akafika Cotonou, akapekua magunia ya Wahausa wa Lomé. Wenzake walitafuta jozi kamili. Yeye aliuliza kwanza kama kuna kilicholiwa upande. Alivikuta vingi. Wanawake wa kushoto wako kila mahali, kumbe, na wote walikuwa wakijificha. Kila alipokigusa kimoja na kukuta si chenyewe, alishindwa kukiuza, kwa kuwa naye huyo aliogeshwa na mama wa namna ileile. Akakipeleka nyumbani.

Mkewe, Bolatito, muuza vitambaa mwenye ulimi mwepesi, alivumilia mpaka rafu ya tatu ilipojaa.

"Nyumba hii ina watoto arobaini," alisema, "na hakuna hata mmoja wa kunichotea maji."

"Hawa hawali, Bolatito."

"Ndiyo, hawali. Lakini mimi ndiye ninayewapangusa vumbi! Wewe hukuoa mke, ulioa yaya."

Hata hivyo ndiye aliyejifunza kutenga kile kibakuli, Abeje alipokuwa hawezi tena kusimama jikoni. Mwaka 1979, wiki ya mwisho ya maisha yake, Abeje alimwita mwanawe akae karibu. Kehinde alidhani atasikia habari ya urithi wa kiwanja.

"Ukimwona," mama alisema, "usiulize nani alimchukua. Wewe ndiye uliyemtuma, tangu tumboni. Uliza kama amekula."

Miaka kumi na miwili ikapita. Biashara ilikuwa imekwisha makali. Vilivyokula kweli vilikuwa vimeshaondoka nchini, na vijana walioingia nyuma walinunua vyenye njaa kutoka kwa mafundi, wakavilisha kwa mchanga. Kehinde, mvi kichwani, aliitwa zaidi kutoa hukumu kuliko kununua. Neno lake liliaminiwa kutoka Ogbomoso hadi Oshogbo: akisema kina njaa, hakuna aliyekitazama tena.

Mwaka 1991 alitumiwa habari kutoka Ejigbo, mji ambao kwa gari ni mwendo wa saa moja. Alikuwa ameupita mara mia akielekea kwingine. Aliyemwita ni Rafiu, mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, aliyerudi kutoka Abidjan, kama nusu ya watu wa Ejigbo, na redio kubwa, viatu vyeupe na mpango wa kuezeka upya nyumba ya mama yake.

"Kiko kimoja kwa bi mkubwa," Rafiu alimwambia nje ya nyumba. "Kimekula mpaka hakina pua. Ila yeye hauzi. Anakijali kuliko alivyonijali mimi. Wewe nipe bei tu, mzee, halafu niachie. Siku ya soko hashindi nyumbani."

"Sinunui mtoto nyuma ya mama yake."

"Si mtoto, mzee. Ni mti. Wewe mwenyewe unajua."

"Nipeleke kwake."

Mama yake Rafiu, Iya Rafiu kwa mtaa mzima, alikuwa mlangoni akikaanga bajia za kunde. Alimtazama mgeni kuanzia kofia hadi viatu bila kuacha kugeuza.

"Wewe ndiye Baba Vinyago?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Nilidhani utakuwa na pembe. Huyu mwanangu ameniimbia jina lako tangu Jumapili. Nimemwambia bati la Abidjan lilinunuliwa bila kuuza mtu. La Ejigbo linashindwa nini?"

"Mama, mimi nimesema tu aje atazame," Rafiu alisema.

"Wewe kaa nje na redio yako. Baba, ingia. Sitauza, lakini ingia. Mtu hatembei kutoka Ogbomoso akarudi na njaa."

Ndani alimpa kigoda, maji, na bajia nne kwenye jani. Kisha alichukua bakuli la kunde lililokuwa limefunikwa, akakaa mkekani, akavuta kikapu kutoka pembeni ya kitanda. Akatoa kutoka humo mtu mdogo wa mti, mwekundu kwa osun, shanga za buluu kiunoni. Akachovya kidole cha kulia kwenye mawese.

"Utamngoja," alisema. "Akimaliza mtaonana."

Kehinde alingoja. Kutoka kwenye kigoda hakuona cha kumshtua. Uso ulikuwa umekula, ndiyo, tena sana, lakini mashavu yote mawili yalikuwa laini, sawasawa. Halikuwa shavu moja. Alishahesabu kichwani kwamba safari imeishia kwenye bajia, nazo zilikuwa nzuri.

Iya Rafiu alifuta midomo ya mtoto, akampa kwa mikono miwili. Kehinde alipokea kwa mikono miwili. Akamgeuza kutazama chini, kama mchuuzi yeyote anavyofanya, ili aone alama ya fundi.

Kisigino cha kushoto kilikuwa mkaa.

Kehinde alikiinua karibu na macho. Iya Rafiu alidhani anakagua kasoro, akaanza kumtetea.

"Hiyo alikuja nayo. Mimi sijamuunguza. Nilikuwa na wangu wawili, surua iliwachukua wote wiki moja, wakachongwa. Kisha mume wangu akapata dini mpya, akawachoma hapo uani, mimi nikiangalia. Sikusema kitu. Mwaka mmoja kabla ya wanajeshi kushika nchi, nilikuwa napita sokoni, kwa yule muuza mizizi na mafuvu ya nyani, nikamwona huyu amekaa katikati ya makorokoro peke yake. Nikauliza, wa nani? Yule bwana akasema, alitoka Ibadan, walimkataa kule, uso umeliwa upande mmoja, chukua ukapikie. Kupikia!" Alisonya. "Nikamfunga kifuani nikaja naye. Mume wangu nilimwambia, huyu ukimgusa, utakula alichopika mchungaji wako."

"Hakumgusa?"

"Aliogopa njaa kuliko alivyompenda Mungu. Baba, mbona unambadili mkono?"

Kehinde alikuwa amemhamishia Taiwo mkono wa kulia. Kidole gumba cha kushoto kilipanda chenyewe. Shavu la kushoto la mtoto lilikuwa laini na bapa; hilo lilikuwa la Iya Rafiu, miaka ishirini na sita ya kuoshwa kwa mkono wake wa kulia. Shavu la kulia, chini ya ulaini, lilikuwa na kibonde. Macho yasingekiona. Gumba lilitua ndani yake kama kete ya bao kwenye shimo lake, likaenda, likarudi.

"Huo ni mkono wa kushoto," Iya Rafiu alisema.

"Wa mama yangu pia ulikuwa huu."

Mwanamke yule hakuwa mjinga. Alitazama gumba, akatazama shavu, akatazama uso wa mzee aliyekaa kwenye kigoda chake. Mikono yake ikashuka mapajani. Nje, redio ilikuwa imezimwa. Rafiu alikuwa akisikiliza.

"Unamjua," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilijua mtu atakuja. Ndiyo maana sikumpa jina. Namwita Mgeni tu." Sauti yake ilikuwa imara, lakini alikuwa ameanza kuzikusanya shanga zilizobaki kikapuni, moja moja, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. "Kama umemfuata, sema. Nimvalishe."

Kehinde alikuwa naye mkononi. Mwenye nyumba alikuwa radhi, mwana wa nyumba alikuwa radhi kupita kiasi. Nyumbani kulikuwa na rafu tatu. Alizifikiria rafu hizo: arobaini, wamepangwa, wamepanguswa vumbi na Bolatito. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mawese midomoni.

"Amekula?" aliuliza.

Iya Rafiu hakuelewa mara moja. "Si umeona sasa hivi."

"Juzi?"

"Juzi kunde, siku nne nyuma yake kunde. Mwaka ule wa vita chakula kilipokuwa ghali nilimpa uji mwembamba, naomba radhi kwa hilo. Lakini humu ndani hajalala na njaa."

"Mama yangu alitaka kujua hilo tu," Kehinde alisema.

Akamrudishia, kwa mikono miwili. Iya Rafiu alimpokea haraka kuliko adabu inavyoruhusu, akamweka kifuani, akachomeka upindo.

"Basi niambie jina."

"Taiwo."

"Taiwo!" Alimwinamia mtoto, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kana kwamba yalikuwa yakingoja nafasi hiyo tu. "Kumbe ndiyo sababu nikimwita anasikia anapotaka! Na wewe, usiniambie. Wewe ndiye uliyebaki nyuma."

"Mimi ndiye niliyemtuma."

"Ulimtuma mbali, Baba."

"Nilimtuma mbali."

Alipotoka, Rafiu alimfuata hadi kwenye gari. Alikuwa amesikia nusu ya mazungumzo, na nusu hiyo aliipima kwa mabati.

"Mzee, mambo ya jina mimi sijui. Twende kwenye bei."

"Kina njaa," Kehinde alisema.

"Kina nini?"

"Kina njaa. Kimesuguliwa kwa mchanga, kikapigwa moshi. Kazi ya mtaani."

"Njaa? Hakina hata pua!"

"Ndiyo wanavyofanya siku hizi. Wanaanza na pua." Akafungua mlango wa Pijo. "Nisingetoa hata bei ya zile bajia. Mwache mama yako acheze nacho."

Rafiu alibaki amesimama na viatu vyake vyeupe vumbini. Kehinde hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita kwa wachuuzi watatu aliowajua, mmoja Ejigbo kwenyewe na wawili njiani, akanywa maji kwa kila mmoja, na kwa kila mmoja akaitupa habari kama kitu kisicho na uzito: kuna kinyago Ejigbo kwa Iya Rafiu, asijisumbue mtu, kina njaa. Wote walitikisa kichwa kwa huruma ya kikazi. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya uso, na kwa kuwa alikuwa amesema kweli miaka ishirini na tisa, hakuna aliyeuuliza mara mbili. Hakuna mchuuzi aliyegonga mlango ule tena.

Hakuwahi kujua Taiwo alitokaje Ibadan. Huenda mtu wa Lagos alimkataa palepale kwa sababu ya shavu, na mtumishi wa mtu akamuuza kwa muuza mizizi aliyekuwa anarudi kwao. Meli, kama ilikuwapo, iliondoka na watoto wa watu wengine.

Bolatito alikuwa amepika kunde. Alikuwa ameshakipakua kile kibakuli kidogo, amekiweka kando kwenye dirisha, kama mama mkwe alivyomfundisha. Kehinde alinawa, akakaa, akala cha kwake chote. Kisha akanyoosha mkono, wa kushoto, akakivuta kibakuli kutoka dirishani na kuanza kula.

"We!" Bolatito alisema. "Hicho ni cha Taiwo."

"Ameshakula," alisema Kehinde.